Kuuacha Unga

Pale bekarini walimwita Hamira. Siku yake ya kwanza kazini, miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia, mwenye bekari alimwonyesha beseni la unga uliokandwa ukakataa kuumuka, akamwambia akautupe. Yeye hakuutupa. Alilisogeza beseni karibu na tanuri, akalifunika kwa kitambaa chenye majimaji, akaendelea kufagia kama hakuna jambo. Saa moja baadaye unga ulikuwa umepanda mpaka umekiinua kitambaa. Bosi akacheka, akasema, "Basi huyu ndiye hamira yenyewe," na jina likamganda. Jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye karatasi za serikali tu.

Karatasi zenyewe hazikuwa nyingi. Hamira alikuwa mgeni katika nchi ile. Aliingia kwa kibali cha kazi, na kwenye kibali hicho, chini ya picha yake, liliandikwa jina la bekari. Maana yake haikuhitaji mkalimani: anaruhusiwa kukaa kwa sababu anafanya kazi, na anafanya kazi pale, si kwingine. Miaka minne ya kwanza jambo hilo halikumnyima usingizi. Aliipenda kazi. Alikuwa na mikono mipana, vidole vifupi vyenye nguvu, na aliweza kukata madonge mia moja ya uzito ule ule bila kutazama mizani, huku anabishana na wenzake juu ya mpira.

Kisha akaja msoma mita.

Huyu alikuwa mfanyakazi wa idara ya maji, mwenyeji wa pale pale, mrefu, mpole, anatembea na daftari kwapani. Mita ya bekari ilikuwa ukutani nyuma ya magunia ya unga, na kila mwezi alikuta magunia yameizuia. Kila mwezi Hamira ndiye aliyeyasogeza. Mwezi wa tano alikuta ukuta uko wazi, pamefagiliwa, na Hamira amesimama pembeni na kikombe cha chai mkononi.

"Leo umeninyima hata sababu ya kukushukuru," msoma mita akasema.

"Wewe shukuru tu, chai inapoa."

Mwaka ulipozunguka walikuwa mume na mke, wamepanga ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti: vyumba viwili na kibaraza kinachotazama kamba za kuanikia nguo.

Baada ya ndoa, mume akapeleka ombi idara ya uhamiaji la kumdhamini mkewe, ili akae kama mke wa mwenyeji, si kama mfanyakazi wa mtu. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na tisa. Waliijaza mezani kwa jioni tatu, mmoja akisoma swali, mwingine akiandika. Mwombaji anafanya kazi gani? Mwokaji. Kwa nani? Wakaandika jina la bekari. Wakabandika picha, wakapeleka, wakapewa namba ya faili na kuambiwa wasubiri. Wakasubiri.

Mwezi wa tatu wa kusubiri, kikohozi kilichokuwa kikimjia Hamira na kuondoka kikaamua kukaa. Kwanza kilimshika akiwa anafungua gunia. Baadaye kikawa kinamfuata mpaka kwenye meza ya kukandia, kisha mpaka nyumbani. Kifua kilibana kama mtu amemfunga mkanda akausahau. Siku za mapumziko kilipungua, na siku ya kurudi kazini kikaanza upya, mlangoni pale pale, hata kabla hajavaa aproni. Akawa anakunywa maji ya moto, anasingizia vumbi la barabarani.

Aliyemwambia ukweli alikuwa daktari wa zahanati, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Alimpulizisha kwenye kifaa mara tatu, akaandika namba tatu, akazitazama kwa muda.

"Unafanya kazi wapi?"

"Bekarini."

"Miaka mingapi kwenye unga?"

"Hapa sita. Kwetu mitano."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ni unga, dada. Kifua chako kimeukataa. Nitakupa dawa ya kuvuta, itakusaidia, lakini dawa haiwezi kushindana na magunia. Ukiendelea miaka miwili mitatu mingine, hata kufunga kanga utapumzika katikati. Tafuta kazi nyingine."

"Kazi yangu imeandikwa kwenye kibali."

"Mimi sisomi vibali," daktari akasema, bila ukali. "Nasoma kifua."

Jioni ile Hamira alimweleza mumewe mezani. Msoma mita akaizungusha ile dawa mkononi kama anayetafuta mahali pa kuifungulia.

"Subiri majibu yatoke," akasema mwishoni. "Yakitoka, hata kesho yake acha. Lakini sasa hivi, mke wangu, faili liko mezani kwao. Limeandikwa mwokaji, bekari fulani. Wakifungua wakute huyo mwokaji hayupo, watasema nini?"

"Watasema amehama kazi."

"Watasema tumewadanganya."

Haikuwa roho mbaya. Alikuwa anaogopa, na hofu yake ilikuwa imevaa nguo za busara. Kesho yake walikwenda wote wawili kwa bwana mmoja aliyekuwa na kibanda cha kutolea kopi jirani na ofisi ya uhamiaji, aliyejazia watu fomu. Watu walimwita Wakili, ingawa shule ya sheria alikuwa ameipita nje tu akielekea kwingine. Wakili alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Dada, usiguse kitu. Usihame nyumba, usihame kazi. Ikiwezekana hata mtindo wa nywele usibadilishe. Ulivyo kwenye picha, ubaki hivyo hivyo mpaka majibu."

"Na kukohoa?"

"Kohoa pole pole."

Msoma mita akacheka. Hamira hakucheka.

Wiki ile ile akamwendea bosi. Hakuomba makubwa: ahamishiwe kaunta ya kuuzia, mbele, mbali na magunia. Mwenye bekari hakuwa mtu katili. Ndiye aliyempokea alipokuwa hajui hata njia ya kwenda sokoni. Ila alikuwa mtu wa kuhesabu mikono, na mikono ya Hamira ilikuwa ya thamani nyuma, si mbele.

"Kaunta ina mtu," akasema. "Na wewe sikukuleta kuuza. Funga kitambaa puani, utazoea."

"Nimefunga miezi miwili, bosi. Daktari ameandika hapa."

Bosi hakuichukua karatasi. "Kumbuka jina lililo kwenye kibali chako ni la nani. Ukitoka kwenye mlango huu, mimi nitaandika kwamba umetoroka. Halafu tuone huyo mume wako atamdhamini nani."

Hamira alirudi kwenye meza yake, akamaliza zamu, madonge yote, mpaka la mwisho. Alisema baadaye kwamba ndipo alipoamua. Kutishwa alishatishwa na wengi. Kilichomwamulia ni kwamba kila mtu aliyemuuliza alikuwa anamweleza sheria, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kuwauliza wenye sheria.

Basi siku yake ya mapumziko akaenda mwenyewe. Alichukua namba, akakaa kwenye viti vya plastiki saa tatu nzima, akitazama dirisha moja likifungwa na jingine likichelewa kufunguliwa. Alipoitwa alikuta dada mmoja wa makamo, miwani imeshushwa mpaka ncha ya pua. Hamira akapitisha karatasi ya daktari kwenye upenyo wa kioo, akasema yote bila kupamba: unga, kifua, kibali, mume, faili.

Dada wa dirishani akasoma, kisha akaandika namba ya faili kwenye kompyuta.

"Unachanganya vitu viwili," akasema. "Kibali cha kazi ni kitu kimoja. Ombi la mumeo ni kitu kingine. Ombi la mumeo linauliza kama ndoa yenu ni ya kweli. Halikuulizi kama unapenda mikate."

"Kwa hiyo naweza kuacha?"

"Sikiliza vizuri. Unaweza kuacha. Ukiacha, huruhusiwi kufanya kazi popote, hata siku moja, hata nusu siku, mpaka mwajiri mpya aombe kibali kwa jina lako na kitoke. Na wewe na mumeo mtuandikie barua kwamba mabadiliko yametokea, muambatishe hii ya daktari. Mlete hapa, igongwe muhuri, mbaki na kopi. Usiitume kwa mtu."

"Faili litakufa?"

"Faili halifi kwa barua. Linaweza kuchelewa. Hilo sikufichi."

Hamira akamshukuru mara mbili. Nje alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akarudia maneno yote kimoyomoyo kama mtoto aliyetumwa dukani, asije akadondosha hata moja njiani.

Jioni alimweleza mumewe habari ya hiyo barua, naye akasema bado wasubiri. Kutafuta mwajiri ilikuwa shughuli nyingine. Mwenye duka la vitambaa alimpenda, ila aliposikia habari ya kuombea kibali akakumbuka kwamba nafasi imejaa. Kiwanda cha sabuni kilimwambia arudi karatasi zikikamilika. "Zikikamilika nitawahitaji kwa nini?" alimuuliza mlinzi wa geti akitoka, na mlinzi akakubali kwamba swali hilo lilikuwa gumu kwake.

Mtu wa saba alikuwa Mama Vioo. Alikuwa mjane mnene, mwenye kovu refu kidole gumba, na karakana yake ya kukata na kufunga vioo vya madirisha ilikuwa nyuma ya stendi ya malori. Fundi wake mmoja alikuwa ameondoka mwezi uliopita, na kazi zilikuwa zimemrundikia. Hamira aliingia, akaamkia, akaeleza shida yake yote kabla hajaulizwa, hadi habari ya kibali, ili kama ni kukataliwa akataliwe mapema.

"Umewahi kushika kioo?" Mama Vioo akauliza.

"Cha kujitazamia tu, mama."

"Na hiyo?" Alinyoosha kidole kwenye ndoo ya puti, ile ambayo hupakwa pembeni mwa fremu ili kioo kikae. Ilikuwa imekaa ikakaza. Hamira akachota bonge, akalikanda kwa kiganja, akalikunja, akalisukuma, akalikunja tena. Dakika mbili likawa laini, halishiki mkono wala halikatiki. Halafu akaliviringisha likawa kamba nyembamba ya unene mmoja, ndefu kama urefu wa meza.

Mama Vioo akalitazama. "Mafundi wangu huchukua miezi kufanya hivyo, na bado inatoka na mafundofundo. Haya, kata kioo."

Hapo sifa zikaisha. Kisu cha kukatia kioo ni kitu kidogo, kina gurudumu la chuma la ukubwa wa punje. Unakipitisha mara moja, kwenye rula, mwanzo hadi mwisho, kisha unakivunja kioo kwenye mstari huo. Hamira alivunja vipande vitatu, vyote vikaenda upande vilikotaka vyenyewe.

"Unakata kama mtu anayeomba samahani," Mama Vioo akasema. "Ukisita, kioo kinajua. Chukua hivi vipande vibovu, nenda navyo nyumbani. Ukiweza kukata kumi mfululizo bila kuharibu, nitakuandikia hiyo barua ya uhamiaji."

Alirudi na mfuko wa vipande vilivyofungwa kwenye magazeti, na alipofika ghorofa ya pili pumzi ikamkatikia. Akakaa kwenye ngazi. Ndipo mumewe, aliyemaliza mtaa wake mapema siku ile, akapanda na kumkuta.

"Umekaa hapa unafanya nini?"

"Nafunga kamba za viatu."

Msoma mita akatazama miguu ya mkewe. Alikuwa amevaa kandambili.

Akakaa naye kwenye ngazi ile ile, akasikiliza. Kifua cha Hamira kilikuwa kinalia kama mlango wa kabati. Mwanamume huyu kutwa nzima alipanda ngazi za watu, na siku zote wakirudi pamoja alikuwa anatangulia juu kufungua mlango, akidhani anamfanyia heshima.

"Tangu lini umekuwa unapumzika hapa?"

"Tangu kabla ya ile fomu. Mwanzo nilikuwa napumzikia ghorofa ya tatu."

Akauchukua mfuko. "Kesho tunaandika hiyo barua," akasema. "Wakili aende akahifadhi nywele zake mwenyewe."

Waliandika mezani. Mume alitaka kuanza taratibu: kutokana na sababu mbalimbali za kifamilia na kiafya. Hamira akamshika mkono. "Futa. Andika unga. Andika kwamba unga unaniumiza kifua, daktari amesema niache, naacha tarehe fulani, natafuta kazi nyingine na sitafanya mpaka mniruhusu. Basi." Ikatoka barua ya nusu ukurasa. Wakaipeleka dirishani pamoja, ikagongwa muhuri, wakabaki na kopi ambayo Hamira aliiweka ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko chini ya godoro. Siku iliyofuata akampa bosi barua ya kuacha kazi, akakunja aproni yake, akaagana na wenzake mmoja mmoja. Bosi hakunyanyuka kitini.

Zikafuata wiki saba za kukaa nyumbani. Kwa mtu aliyezoea kazi, hiyo nayo ni kazi. Kila siku, baada ya kufua na kupika, alitandika blanketi kuukuu juu ya meza ya kibarazani, akavaa glavu, akakata vioo. Wiki ya kwanza aliharibu karibu vyote. Wiki ya pili akagundua kosa lake: alikuwa anatazama kisu badala ya kutazama mwisho wa mstari. Akakata vinne mfululizo. Cha tano kikapasuka, akaanza upya kuhesabu moja.

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuja Jumamosi moja pamoja na mama mkwe. Wifi alikuwa mtu wa kusema lililo moyoni kabla halijaiva. Tangu siku ya posa alishaeleza kwamba kaka yake ameolewa na mtu anayetafuta karatasi.

"Nasikia umemwaga unga, wifi," akasema, na akajichekea, kwa kuwa ndivyo husemwa mtu akifukuzwa kazi, na kwa Hamira neno lilikuwa limemkaa kama nguo ya kushonewa.

"Sijaumwaga, wifi. Nimeuacha kwenye gunia lake."

"Haya. Sasa kaka ndiye anakulisha, na karatasi anakutafutia. Na ukishazipata?"

Hamira alitaka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Kilimshika kwa nguvu mpaka akaegemea ukuta, akaipapasa dawa mfukoni, akavuta mara mbili. Mama mkwe, aliyekuwa hajasema neno tangu aingie, akanyanyuka, akamshika bega mpaka pumzi ikarudi. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mwenye kifua kibovu kasema maneno mawili. Wewe mwenye kifua kizima umetuchosha. Nenda katuwekee chai."

Wifi akaenda. Mama mkwe akakaa kibarazani, akataka aonyeshwe namna kioo kinavyokatwa. Hamira akakata kimoja, akakivunja, kikatengana kwa sauti kavu, safi. "Kingine," mama mkwe akasema. Hamira akakata kingine. Siku ile, mbele ya mama mkwe anayehesabu kwa vidole, alifika kumi.

Mama Vioo alitimiza ahadi. Aliandika barua kwa mkono wake, na kibali kikatoka wiki tano baadaye, jina la karakana chini ya picha ile ile. Hamira akaanza kazi siku iliyofuata. Mshahara ulikuwa pungufu kuliko wa bekari, na mwezi wa kwanza alipewa kazi ya kufagia vipande na kukanda puti, pamoja na sifa zake zote za kibarazani. Alifagia. Akajifunza kubeba kioo kikiwa kimesimama na si kimelala, kupima dirisha mara tatu kwa sababu nyumba za watu hazina pembe zilizonyooka, kupanda ngazi ya mbao bila kutazama chini. Vidole vyake vikajaa plasta. Ila kifua, kufika mwezi wa tatu, kilianza kumwachia. Siku moja alifika ghorofa ya nne, akafungua mlango, ndipo akakumbuka kwamba hakupumzika.

Wito wa mahojiano ulikuja wakati huo. Waliitwa wote wawili, wakahojiwa kila mmoja peke yake, kisha wakawekwa pamoja mbele ya afisa kijana mwenye shati lililopigwa pasi sawasawa. Faili lilikuwa wazi mezani.

"Humu imeandikwa mwokaji," afisa akasema. "Mumeo nimemuuliza unafanya kazi gani, anasema fundi vioo."

"Ni kweli, mheshimiwa. Nilikuwa mwokaji."

"Na nina barua ya mwajiri wako wa zamani. Anasema ulitoroka kazini bila taarifa, na kwamba anadhani ndoa hii ni ya kutafutia makazi."

Msoma mita akainuka nusu kitini. Hamira akamgusa goti, naye akaketi. Hamira akafungua mkoba, akatoa ule mfuko wa plastiki. Akapanga mezani, moja baada ya nyingine: barua yao ya nusu ukurasa yenye muhuri wa dirishani, karatasi ya daktari, kopi ya barua aliyompa bosi, kibali kipya.

"Naomba utazame tarehe," akasema.

Afisa akatazama. Akatazama na ile barua ya bosi. Barua ya mwenye bekari ilikuwa imeandikwa siku kumi na moja baada ya ile yao kupokelewa, katika jengo lile lile. Barua yao ndani ya faili lile la mezani haikuwamo. Ilikuwa imewekwa kwenye faili la kibali, na mafaili mawili yalikuwa hayajawahi kukutana.

"Wengi wakihama kazi hunyamaza," afisa akasema, kama anaongea na karatasi.

"Nilijua mtaniuliza. Nikaona bora jibu litangulie."

Hakuwapa majibu siku ile. Alisema faili litarudishwa kwa wakubwa lioanishwe na lile jingine, na kwamba hilo litachukua muda. Likachukua miezi minne zaidi, na miezi hiyo ndiyo iliyomuuma Hamira kuliko yote. Mama yake mzazi, kule kwao, alikuwa anafanyiwa upasuaji wa macho. Hamira alirudi dirishani kuuliza kama anaweza kusafiri wiki mbili. Anaweza kutoka, akajibiwa na dada yule yule wa miwani, ila akitoka ombi likiwa mezani hakuna anayeweza kumhakikishia kuingia tena. Akarudi nyumbani akalia, kisha akampigia mdogo wake.

"Wewe kaa kwa mama. Mimi siwezi."

"Dada, kwani hiyo karatasi ni kubwa kuliko mama?"

"Sio kubwa kuliko mama. Ila nimeshaishika upande mmoja, na mume wangu ameishika upande wa pili. Nikiachia itavunjika."

Mdogo wake akakubali. Bandeji zilipofunguliwa alimpigia tena. Mama alikuwa anaona. Aliyemwona wa kwanza ni huyo mdogo, na mama alimwita kwa jina la Hamira, lile la kuzaliwa. Hamira alikwenda kazini na habari hiyo, akakata vioo kutwa nzima bila kuongea na mtu, na Mama Vioo akamwacha.

Majibu yalipotoka alikuwa juu ya ngazi, kwenye dirisha la zahanati moja, ameshika ukingo wa chini wa kioo kikubwa, mwenzake ameshika wa juu kutoka ndani. Simu ikalia mfukoni. Ikakatika, ikalia tena. Mwenzake akanyoosha mkono mmoja dirishani, akaitoa, akambonyezea na kumwekea sikioni.

"Mke wangu!" Msoma mita alikuwa anapiga kelele kama yuko barabarani, na kweli alikuwa barabarani. "Barua imefika! Niifungue?"

"Usifungue. Nimeshika kioo."

"Unasemaje?"

"Nimeshika kioo! Nipe dakika kumi!"

Wakakiketisha kioo kwenye fremu. Hamira akapaka puti pande zote nne, akaisawazisha kwa kisu, akafuta alama za vidole, akashuka ngazi kwa ngazi. Akakaa juu ya sanduku la vifaa, akampigia.

"Haya. Fungua."

Alisikia bahasha ikichanika, kisha kimya, kisha mumewe akisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, neno kwa neno, mpaka akafika kwenye neno *limekubaliwa*. Hapo akashindwa kuendelea. Hamira alijifuta uso kwa mkono wa shati, akajipaka puti shavuni, mwenzake akamcheka, na yeye akacheka.

Jioni walikusanyika ghorofa ya nne. Mama mkwe alikuja. Wifi alikuja pia, na mwishoni wakati wa kuosha vyombo alisimama karibu na Hamira, akasema bila kumtazama, "Wifi, mimi mdomo wangu unanitangulia." Hamira akampa kitambaa cha kufutia sahani. Kwao hao wawili, hayo yalikuwa maneno mengi. Nauli ya kwenda kwa mama yake ilipopatikana walisafiri, yeye na mumewe, wakakaa siku kumi na nane.

Lakini kesho yake ile, siku moja tu baada ya barua, Hamira alikuwa karakanani saa moja asubuhi. Kwa karatasi aliyokuwa nayo sasa angeweza kufanya kazi popote, kwa mtu yeyote, hakuna jina la bosi chini ya picha. Mama Vioo alilijua hilo, na alimtazama akivaa glavu.

"Hata siku moja ya kupumzika huchukui? Na mimi nilishaanza kufikiri utatafuta penye mshahara mnono."

"Pakitokea nitakuambia mapema, mama, wala sitaandikiwa barua ya kutoroka," Hamira akasema. "Leo ile shule ina madirisha kumi na manne. Tumeahidi kabla watoto hawajafungua muhula."

"Nani atasimamia?"

"Mimi."

Mama Vioo akafikiri kidogo, akamrushia ufunguo wa gari la mzigo. Hamira akaudaka, akaenda kupakia vioo, vimesimama, blanketi katikati ya kila kimoja na kingine.